Rukini, Ndugu wa Kwenye Friji

Mwaka wa tisini na mbili nilirudishwa nyumbani kwa kosa la kuzika maharage.

Maharage yenyewe yalikuwa ya shule, na yalikuwa yameshakufa kabla sijayagusa. Wadudu walikuwa wameyala ndani yakabaki maganda. Mimi na wenzangu wa kidato cha tatu tuliyatia kwenye boksi la chaki, tukalifunika kanga, tukalizungusha bwalo zima tukiwa tumelibeba mabegani. Kisha nikasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alianza kuugua lini, alihangaikiwa na nani mpaka ikashindikana, na kwamba ameacha mjane, Bi Ugali. Nilisoma vizuri mno. Watoto wa kidato cha kwanza walilia kweli kweli, wengine wakaomba kuuaga mwili. Mkuu wa shule, ambaye alikuwa mtawa na hakupenda utani na wafu, aliniambia nipande basi nirudi Karagwe nikamlete mzazi.

Mzazi niliyekuwa naye alikuwa kitandani.

Kwetu ni juu kidogo ya Nyakahanga. Kibanja chetu kinateremka mpaka kwenye njia ya miguu ipitayo hospitali. Baba alikuwa ametutangulia kwa ugonjwa ambao msibani uliitwa malaria, kwa adabu. Sasa malaria hiyo hiyo ilikuwa imemshika mama, na majirani walikuwa wanaendelea na adabu. Mama yangu, Anonciata, hakuwa nayo. Mgeni akishakaa tu kwenye mkeka, humwambia, "Nina ukimwi. Karibu kahawa."

Kahawa ya kwetu hainywewi, hutafunwa. Matunda yake huchemshwa na majani ya porini, hukaushwa, huwekwa kwenye kikapu kidogo kinachofunguliwa mgeni anapofika. Kikapu chetu alikishika Bibi Kokuhirwa, mama yake baba, Mnyambo wa kuzaliwa hapo hapo, ambaye hakupata kumruhusu mtu mwingine kukifungua. Mama alimkuta nacho siku ya kuolewa, na alikuwa anaelekea kumwacha nacho.

Jioni nyingi alikuwepo pia mjomba Telesfori, kaka yake mama. Wao wawili walivushwa mto Kagera wakiwa wadogo, wakitoka Rwanda na lundo zima la mizigo, na mjomba alikua akawa kibarua, kisha mlinzi. Wakati ule alikuwa analinda nyumba ya mradi. Mradi huo ulikuwa wa watafiti waliopima damu za wagonjwa, katika nyumba yenye bati jekundu mlimani, yenye jenereta na friji mbili za mafuta ya taa. Watu waliuita mradi wa damu. Wengine walisema damu inauzwa Ulaya. Mjomba alisema kama inauzwa, basi biashara ni mbaya, maana hajaona hata soda.

Aliyekuja kuchukua damu ya mama alikuwa fundi wa maabara, Abdulghani, kijana wa Kayanga ambaye baba yake alihamia na duka kutoka Tanga. Alikuja kwa pikipiki, akavua viatu mlangoni, akasema "shikamoo bibi yangu" kwa namna iliyomfanya Bibi atake kumpikia. Siku ya kwanza nilipokuwepo, Bibi alimtazama akitikisa kile kichupa chekundu taratibu, akamwuliza, "Damu ya mkwe wangu unaipeleka kufanya nini?"

"Naitenga, bibi yangu. Zile chembe nyeupe, askari wa mwili, naziweka peke yao mahali penye joto kama la mwilini. Halafu nazitilia tone la protini ya kuziamsha, nione kama bado zinaweza kuzaana."

Mjomba alikuwa ameegemea mlango akitafuna kahawa. Akaacha kutafuna. "Protini ya nini?"

"Ya kinga, mzee wangu. Miili yetu sote huitengeneza. Chembe moja ikitaka kuiambia nyingine iamke, huituma hiyo. Inaitwa interlukini."

"Kwa hiyo mmeikamua kwa mtu."

"Hapana. Zamani walihangaika kuitoa kwenye damu za watu, damu nyingi, protini kiduchu. Siku hizi wamechukua kwa mtu yale maagizo yanayouambia mwili namna ya kuitengeneza, wakayapandikiza ndani ya kijidudu. Kijidudu kinayafuata kana kwamba ni yake. Kinatengeneza protini ya mtu kutwa kucha, na mtu mwenyewe hakimjui."

Bibi alifikiri. "Kama kuku aliyeatamishwa mayai ya bata."

"Umepata, bibi yangu. Hujakosea hata kidogo."

"Basi kuku ameatamia. Lakini bata aliyetaga yupo."

"Yupo, au alikuwepo. Mtu mmoja huko mbali. Simjui."

"Ni mzima?"

"Hilo nalo silijui."

"Yeye yuko mbali na kinga yake inafanya kazi hapa Karagwe," Bibi alisema. "Huyo ni mzima." Na kwa kuwa jina lilikuwa refu, aliuchukua mkia wake, akaupa kichwa cha Kinyambo. Akamwita Rukini. Alisema linafaa kwa mwanamume mrefu asiyesema sana.

Mama alicheka mpaka akakohoa. Mjomba hakucheka. Nilimwona akimsindikiza Abdulghani mpaka kwenye pikipiki, akimwuliza jambo, na Abdulghani akitikisa kichwa kukataa.

Baadaye nilijua jambo lenyewe, maana alasiri moja mjomba aliingia nalo mfukoni. Bibi alikuwa ukumbini akichambua maharage, maharage mazima yenye afya ambayo niliyatazama kwa heshima. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na mlango, apate jua. Mjomba alichuchumaa, akatoa kipande cha jani la mgomba, akakifungua. Ndani mlikuwa na kichupa kidogo kama kidole cha mtoto, na bomba la sindano la dukani.

"Abdulghani amekupa?" nikauliza.

"Nimekichukua."

Bibi aliacha kuchambua. Mjomba alikuwa mtu ambaye akiokota kuku wa jirani hutembea naye nyumba kwa nyumba akimtafutia mwenyewe.

"Usiku kucha nimesimama nje ya mlango ule," akasema. "Nina ufunguo. Ndani kuna kinga ya mtu mzima, ipo kwenye baridi, na damu ya dada yangu iliyo kwenye chupa ndiyo inayopewa. Dada yangu mwenyewe hapewi. Shemeji nilikwisha kumzika. Sitamzika na Anonciata huku nimeshika ufunguo."

Nilikichukua kichupa nikasoma karatasi yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nasomeshwa Kiingereza. "Juu wameandika ni ya binadamu," nikasema. "Chini wameandika ni ya utafiti wa maabara tu, isitumike kwa binadamu."

"Unaona? Hata wenyewe hawajaamua."

"Mjomba, wameamua. Wameandika kwa herufi kubwa."

"Kinatoka kwa mtu, lakini mtu asikitumie. Maziwa ya ng'ombe basi ndama asinyonye." Akaanza kuvuta dawa kwenye bomba. Hakujua avute kiasi gani. Alikuwa anakadiria kwa macho, kama mtu anayetia chumvi.

Mama alikunja mkono wa gauni. Mkono wake ulikuwa umebaki mfupa na ngozi. "Nichome, Telesfori."

"Mama."

"Speciose, usinitazame hivyo. Wewe umewazikia watu maharage. Niache na mimi nijaribu la kwangu."

Nilimgeukia Bibi, mkubwa wa nyumba. Bibi alikuwa anayatazama maharage. Nilielewa kwamba hatakataza. Alikuwa amezaa watano na kubakiwa na mmoja aliyeko Mabira, na mbele ya bomba lile hakuwa na neno. Neno lilikuwa halina mwenyewe, nikalichukua mimi. Silaha niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ile iliyonifukuzisha shule. Nikasimama wima, nikafunga mikono tumboni, nikatoa sauti ya msibani.

"Mjomba, kabla ya yote nina swali la kimila."

"Mtoto wa sekondari ana swali la kimila," mjomba akamwambia Bibi.

"Huyu Rukini mnamwingiza mwilini mwa mama kwa mlango gani? Ametoka kwao bila kuagwa. Amefika kwetu mfukoni mwa mtu. Hajapewa mkeka, hajapewa hata kahawa. Wewe na mzee Kahigi, siku mlipofanya omukago, mlichomana sindano?"

Nilitaka acheke. Mtu akicheka hawezi kushika sindano sawasawa, angeiweka chini, nami ningekimbia na kile kichupa mpaka kwa Abdulghani. Hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa nimepiga. Lakini hakucheka. Aliligusa tumbo lake karibu na kitovu, mahali penye kovu dogo, na Bibi akainua uso kutoka kwenye maharage.

Omukago ni undugu wa kuchanjiana. Tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizokumbatiana. Wawili wanaotaka undugu huchanjwa tumboni, kila mmoja akaipaka punje yake damu yake, kisha wakabadilishana na kumeza. Tangu hapo humnyimi mwenzako kitu. Akifukuzwa kwao, kwako ni kwao. Mjomba alikuja na njaa, hajui lugha, na mzee Kahigi, Mnyambo mwenye migomba, akachanjiana naye. Kwa hiyo mjomba ana kibanja. Tangu ugonjwa ulipoingia, mapadri na madaktari waliukataza undugu huo, likawa jambo la kwanza ambalo nilisikia wamekubaliana.

"Mtoto amesema," Bibi akatamka polepole. "Cha ndani ya mtu hakiingii ndani ya mtu mwingine hivi hivi. Weka chini hiyo sindano, Telesfori."

"Mama, sasa hivi tumekatazwa damu," mjomba akamjibu.

"Huyu hana damu. Ameatamiwa na kijidudu. Ni msafi kuliko sisi sote tuliopo hapa." Akajifuta mikono, akaenda ndani, akarudi na kile kikapu.

Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa nieleze kwamba nilikuwa natania. Nikakifunga. Kuna utani ambao ukishaokotwa na mtu mzima huwezi kumwomba akurudishie.

Bibi alichagua tunda moja, akalivunja ganda kwa meno, punje mbili zikadondoka kiganjani. Akamwambia mjomba adondoshe tone moja kutoka kwenye bomba juu ya punje moja. Akaita jina la mkwe wake na jina la baba wa mkwe wake. Akaita jina la Rukini, na alipofika kwenye jina la baba wa Rukini alisimama kidogo, kisha akasema, "Mwana wa mtu." Mama akaketi. Akaipokea punje kwa mikono miwili, akaimeza bila maji.

"Ina ladha gani?" nikamwuliza.

"Ya kahawa."

Mjomba akainua bomba. "Sasa ni ndugu. Sasa tumchome."

"Amekula nani?" Bibi akauliza.

"Anonciata."

"Na mwenzake?"

Mjomba akashusha bomba.

"Aliyekula peke yake si ndugu, ni mwizi. Hii hapa punje ya pili. Rukini hajapata damu ya Anonciata kwa mkono wetu, hajaulizwa, hajakubali. Kahigi angemeza punje yako kisha akakataa kutoa yake, leo wewe ungekuwa wapi?"

Mjomba alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Aliitazama punje ile kwenye kiganja cha Bibi muda mrefu, kisha akalilaza bomba juu ya jani la mgomba, akafunika uso kwa kofia yake ya ulinzi. Mama alinyoosha mkono akamshika kifundo cha mguu, mahali alipoweza kufika.

Abdulghani alikuja jua likiwa bado juu. Hakuvua viatu. Alisimama mlangoni, akaliona bomba, akakiona kichupa, akauliza kwa sauti ndogo sana, "Nani amechomwa?"

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna kabisa?"

"Mama amemeza tone moja. Kwenye kahawa."

Akaketi pale pale kizingitini, akaomba maji. Alipokwisha kunywa ndipo aliposema, na hakumwambia mjomba peke yake, alituambia sote. Kwamba kumeza si neno, tumbo litaliyeyusha lile tone kama yai. Kwamba kile kichupa hakikusafishwa kwa ajili ya mshipa wa mtu, kina mabaki ya vile vijidudu, na mgonjwa akitiwa kiasi kile angepandwa na homa, presha ikaporomoka, na kwa mwili wa Dada Anonciata ulivyo sasa asingefika kesho. Hata iliyo safi kabisa haijathibitishwa kumponya mtu ugonjwa huu. Ingekuwa inaponya, akasema, angeileta yeye mwenyewe mbio, bila viatu.

Mjomba aliondoa kofia usoni. "Kaniseme kwa wakubwa wako."

"Nitasema, mzee wangu. Nitasema kimechukuliwa na kimerudi." Na kweli alisema. Wakubwa walimnyang'anya mjomba ufunguo, wakampa fyekeo, akawa anafyeka majani ya mradi mpaka mwisho wa mwaka.

Lakini siku ile Bibi alikuwa bado na shauri lake. Alimpa Abdulghani kahawa, akangoja ameze, akamwambia, "Sasa wewe hapa ndiye mtu wa kwao Rukini."

"Mimi, bibi yangu?"

"Unakaa naye. Unajua anapolala. Nakuuliza mbele ya hawa: tukimpa damu ya Anonciata, ataipokea?"

Abdulghani akanitazama mimi, akitafuta kama ni mzaha. Nikamtazama kwa uso wa msibani, na safari hii sikuwa nimeuvaa. Akayageuza macho kwa mama, aliyekuwa ameketi na mkono wa gauni bado umekunjwa.

"Nikichukua damu leo," akasema, "jioni nazitenga chembe, nazitilia tone. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kwa hiyo ndiyo, bibi yangu. Ataipokea leo leo."

"Basi chukua."

Akachukua. Ulikuwa mkono ule ule ambao ungechomwa. Na alipomaliza kukifunga kichupa, Bibi akampa punje ya pili, kavu, bila damu. Abdulghani akaeleza kwamba haiwezi kuingia kwenye vichupa vyake, itaviharibu. "Iweke karibu naye tu," Bibi akasema. "Aione." Abdulghani akaitia kwenye mfuko wa shati, na baadaye niliikuta kweli kwenye friji, ndani ya kifuniko cha chupa, kando ya Rukini na ndugu zake.

Mama hakuomba sindano tena. Sitasema alipona, kwa kuwa hakupona, wala sitasema alinenepa. Alikuwa tu na mtu wa kumwulizia habari. Abdulghani akija, kabla hata ya salamu kwisha, mama humwuliza, "Ndugu yangu hajambo?"

"Hajambo, dada. Wanaelewana. Chembe zako zimeamka zaidi ya nilivyotegemea."

"Anazilisha?"

"Anaziamsha. Za kula nazipa mimi."

"Mwambie asichoke."

"Hachoki yule, si mtu," mimi husema, na Bibi hunitupia ganda la ndizi.

Siku moja mama akasema anataka kwenda kumwona. Mjomba aliazima baiskeli, tukafunga mto kwenye kiti cha nyuma, mama akakaa amejifunga kitenge, mjomba akishika usukani nami nikimshika mama mgongoni. Alikuwa mwepesi kuliko ule mto. Watu tuliokutana nao njiani walisalimia wakauliza anapelekwa hospitali, mama akawajibu anakwenda kumsalimu ndugu yake. Hata mjomba alitabasamu.

Abdulghani alimweka kwenye kiti mbele ya darubini, akaweka chini yake chupa bapa iliyozibwa, akamwonyesha pa kuweka jicho. Mama aliinama pale muda mrefu hata nikadhani amesinzia.

"Naona vitu vya mviringo," akasema. "Vimeshikana mafungu mafungu."

"Ndizo hizo. Zikiamka hujikusanya."

"Kama watu waliozunguka sufuria."

"Hivyo hivyo."

"Na hizi ni mimi."

"Ni wewe, dada."

"Nikiwa nimekaa hapa."

"Ukiwa umekaa hapo."

Akatazama tena. "Mimi wa huko ana nguvu kuliko mimi wa huku," akasema. Halafu akaniita niangalie. Niliangalia.

Wakati wa kurudi, mjomba alipokuwa anapumzika kwenye mteremko, mama alinishika mkono. "Unajua sheria ya omukago mtu akifa?"

"Sijui."

"Mwenzake huambiwa kabla ya udongo. Huambiwa kwa mdomo, na mtu wa nyumba ile. Asipoambiwa, undugu umevunjwa na aliyekufa, naye hana namna ya kuomba radhi. Utakwenda wewe."

"Mama, nitasimama mbele ya friji?"

"Utasimama mbele ya friji. Kama utacheka, cheka. Lakini umwambie."

Alifariki msimu wa kuanika kahawa ulipokuwa unakwisha, asubuhi, Bibi akiwa anamlisha uji. Alikataa kijiko, akageukia mlango, ikawa ndiyo mwisho. Wanaume wa jirani walianza kuchimba kwenye migomba, kando ya baba. Mzee Kahigi alikuja wa kwanza, akamshika mjomba begani. Wanawake walijaa uani. Padri aliagiza kwamba atafika mchana. Kila kitu kilikuwa tayari, na Bibi akasema marehemu asiteremshwe kaburini mpaka Speciose arudi.

"Anakwenda wapi?" shangazi mmoja akauliza.

"Kumpa habari ndugu yake."

Nilipanda mlima peke yangu. Njiani nilitunga. Nilikuwa na ufundi, nilikuwa nimezika maharage hadi watu wakaomba kuuaga mwili. Nilijua pa kuanzia: alizaliwa ng'ambo ya mto, akavushwa mgongoni mwa kaka yake. Nilijua pa kupandisha sauti na pa kuishusha. Nilipofika kwenye lile bati jekundu wasifu wote ulikuwa umekamilika kichwani, na nilijua ni mzuri.

Abdulghani aliniona mlangoni, hakuniuliza. Alisema "Inna lillahi" chini chini, akanipeleka chumba cha ndani, akafungua friji, akasogea pembeni akasimama ameshika mikono. Baridi ilinipiga usoni. Vichupa vilikuwa vimepangwa kwenye trei yao ya plastiki, na kando, ndani ya kifuniko cha chupa, ilikuwepo punje yetu.

"Shikamoo mjomba," nikasema, maana nilipopiga hesabu ya ukoo, ndivyo alivyokuwa kwangu.

Friji ya mafuta ya taa haina kelele. Nilisubiri kidogo, kama unavyomsubiri mtu mzima apate kujibu.

"Anonciata amefariki," nikasema. "Asubuhi. Nimetumwa nikuambie."

Wasifu wote uliobaki haukutoka. Nilisimama nimeshika mlango wa friji mpaka Abdulghani akanibandua vidole polepole na kuufunga, baridi isipotee.

"Zile chembe zake," nikamwuliza nilipoweza. "Zimekufa naye?"

"Hapana. Nimezitazama alfajiri. Zipo, zimeshikana." Akasita. "Ningezitoa leo. Siwezi kuendelea nazo bila ruhusa ya nyumbani. Zilikuwa zake."

Nilikumbuka kibanja cha mjomba Telesfori, na watoto wa marehemu kaka yake mzee Kahigi, ambao mjomba alisaidia kuwalea kwa ajili ya punje moja ya kahawa. "Ndugu wa omukago huwatunza aliowaacha mwenzake," nikasema. "Mwambie aendelee."

Abdulghani akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, kwa aibu kidogo, kama mtu aliyeoa kabila asilolijua, "Na kwenye mazishi, upande wetu tunaleta nini?"

"Nguo ya kuzikia."

Akafungua kabati. Akatoa koti jeupe la maabara, jipya, bado lina mikunjo ya kiwandani, akaliweka juu ya mikono yangu miwili.

Bibi alilikunjua mbele ya watu wote, akalikung'uta vumbi ambalo halikuwepo, akamfunika nalo mama kuanzia kifuani mpaka magotini, juu ya kitenge. Mikono mirefu ya koti ilibaki pembeni, naye akaikunja, akaikutanisha.

"Hiyo imetoka kwa nani?" yule shangazi akauliza.

"Kwa Rukini," Bibi akasema. "Ndugu yake."

Shangazi akasema ni nguo nzuri. Mjomba akaingia kaburini kumpokea dada yake, mzee Kahigi akamshikia mkono.

Shuleni nilirudi na Bibi Kokuhirwa kama mzazi, na kikapu chake. Mkuu wa shule alipewa punje, akaitafuna bila kujua ameingia wapi, akanisamehe yale maharage. Abdulghani alinitumia salamu kwa dereva wa basi mara moja muhula ule, kwamba chembe za mama zilikuwa zinaendelea vizuri. Muhula uliofuata salamu zilikuja hazikutaja hilo, nami sikuuliza.